Norwe: Ufalme wa Mabonde, Bahari na Lahaja

Utangulizi

Barabara ya lami itokayo Kitale kupitia Kapenguria na kipito cha Marich hadi Lodwar ilijengwa, kabla ya mwaka 1990, kwa msaada wa fedha za ufalme ulio mbali mno na Mlima Elgon. Ufalme huo ni Norwe. Pamoja na ukaribu huo wa barabara, wengi wetu twaijua Norwe kwa sifa mbili tu: baridi na utajiri. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitufafanulii ni vipi nchi yenye mawe mengi kuliko mashamba, iliyokuwa chini ya wengine kwa zaidi ya karne nne, ilivyopata kuwa taifa linalojiamini.

Makala haya yanakusudia kumfahamisha msomaji jiografia na historia ya Norwe kwa muhtasari. Hata hivyo, hatutaishia katika kutaja milima na miaka. Norwe ina jambo linalowahusu wanakiswahili moja kwa moja. Ni taifa lililopoteza lugha yake ya maandishi, likaja kuitafuta upya vinywani mwa wakulima na wavuvi. Hoja yetu ni kwamba jiografia ya nchi hiyo ndiyo iliyozihifadhi lahaja zake, historia ikaziondoa katika maandishi, na hatimaye uamuzi wa watu wenyewe ukazirejesha. Swali linalotukabili sisi tulio Bokoli, Webuye, Kimilili na Kitale ni hili: Kiswahili kinapoendelea kustawi, lahaja zake na lugha zetu za nyumbani zinakaa wapi?

Mahali na maumbile ya nchi

Norwe iko upande wa magharibi wa rasi ya Skandinavia, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Inaanzia takriban nyuzi 58 na kufikia nyuzi 71 kaskazini mwa ikweta, ilhali Bokoli haifiki hata nyuzi moja. Mashariki imepakana na Uswidi kwa mpaka mrefu wa kilomita zipatazo 1,600; kaskazini-mashariki imepakana na Ufini na Urusi. Pande nyingine zote ni bahari.

Bara lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 324,000, na tukijumlisha visiwa vya mbali vya Svalbard na Jan Mayen hesabu hufika 385,000 hivi. Kenya ina takriban 580,000. Watu wa Norwe ni milioni 5.5 hivi. Ili tuelewe uchache huo, tukumbuke kwamba sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia. Kaunti hizi mbili peke yake zinakaribia nusu ya ufalme mzima.

Umbo la nchi ni refu na jembamba, na sehemu kubwa yake ni milima. Kilele kirefu kuliko vyote, Galdhøpiggen, kina mita 2,469. Kimo hicho si kikubwa kwa mtu wa Elgon, mlima unaofika mita 4,321. Kitale yenyewe imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi. Tofauti ni kwamba milima ya Norwe huinuka moja kwa moja kutoka baharini, na baridi huifunika theluji hata pasipo na kimo kikubwa.

Katika enzi za barafu, mito mizito ya barafu ilishuka polepole kutoka milimani ikichimba mabonde yenye kina kirefu. Barafu ilipoyeyuka, bahari iliingia katika mabonde hayo. Ndivyo zilivyotokea fiodi, yaani hori ndefu na nyembamba za bahari zinazopenya katikati ya kuta za mawe. Fiodi ndefu kuliko zote nchini humo, Sognefjord, huingia bara kwa kilomita 205, na kina chake hupita mita 1,300. Ukiufuata ufuo wa bara kwa kila mkunjo wake, utapata kilomita zipatazo 29,000, hata kabla ya kuhesabu visiwa.

Kuhusu hali ya hewa, mtu angetarajia bandari za nchi iliyo kaskazini kiasi hicho zigande kila mwaka. Hazigandi, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu huvuka Atlantiki kutoka pande za Marekani na kupasha joto pwani yake. Kwa hiyo meli na mashua za wavuvi huweza kufanya kazi mwaka mzima. Mwanga nao una desturi zake. Katika miji ya kaskazini kama Tromsø, jua halichwi kwa majuma kadhaa ya kiangazi, na halichomozi kwa majuma kadhaa ya kipupwe. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa kucha na kuchwa kwa jua, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, tungelazimika kutafuta kipimo kingine.

Maumbile hayo yalikuwa na matokeo mawili makubwa. La kwanza ni la kiuchumi. Ardhi inayolimika ni asilimia 3 tu hivi ya nchi. Mkulima wa Norwe hakuweza kuishi kwa shamba pekee. Alilima kipande chake, akafuga, kisha akaingia baharini. Katika visiwa vya Lofoten, samaki aina ya chewa wa baharini huanikwa kwenye fito za mbao mpaka upepo wa baridi uwakaushe pasipo chumvi, kama vile sisi tunavyoachia jua likaushe omena. Biashara ya samaki hao ndiyo iliyoukuza mji wa Bergen tangu enzi za kati, na hadi leo Wanigeria ni miongoni mwa walaji wao wakubwa.

Tokeo la pili ni la kiisimu. Watu wa bonde moja walitenganishwa na wa bonde la pili kwa mlima, na wa fiodi moja na wa fiodi nyingine kwa maji na dhoruba. Wakaishi hivyo kwa karne nyingi. Kila bonde likawa na matamshi yake, msamiati wake na hata vipengele vyake vya sarufi. Yeyote aliyesoma isimujamii ataitambua hali hii mara moja, kwani hata baina ya Mlima Elgon na Ziwa Viktoria msafiri hukutana na Lubukusu, Lutachoni, Luwanga, Lumarama na Lulogooli katika safari isiyozidi siku moja.

Ufalme ulivyokuzwa na ulivyodidimia

Wanorwe waliingia katika kumbukumbu za Ulaya kwa kishindo. Mwaka 793 mabaharia wa Skandinavia walioitwa Waviking waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, katika pwani ya Uingereza. Kwa muda wa karne mbili na zaidi zilizofuata, mashua zao nyepesi zilifika Ireland, Iceland, Greenland na hata pwani ya Amerika ya Kaskazini. Walikuwa maharamia, lakini pia walikuwa wafanyabiashara na walowezi waliokimbia uhaba wa ardhi nyumbani.

Mapokeo yanamtaja Harald aliyeitwa Hårfagre, yaani mwenye nywele nzuri, kuwa ndiye aliyeanza kuwaunganisha watawala wadogo wa nchi hiyo, baada ya ushindi wake katika vita vya Hafrsfjord, mwishoni mwa karne ya 9. Mfalme Olav Haraldsson aliusukuma Ukristo kwa nguvu, akauawa vitani huko Stiklestad mwaka 1030, na baadaye akatukuzwa kama mtakatifu wa taifa. Jambo la kuangaliwa zaidi na mwanafunzi wa lugha ni la mwaka 1274. Mwaka huo Mfalme Magnus alitoa sheria moja kwa nchi nzima, nayo haikuandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wakati huo. Iliandikwa kwa lugha ya nchi, Kinorse cha kale. Norwe, basi, ilikuwa na lugha ya sheria na ya fasihi kabla mataifa mengi ya jirani hayajathubutu kuiacha Kilatini.

Mambo yakageuka. Mwaka 1349 tauni iliingia nchini na yakisiwa kwamba iliua nusu ya watu au zaidi. Familia nyingi za kimwinyi zilikwisha, mashamba yakahamwa, na makarani waliojua kuiandika lugha ya zamani wakapungua. Mwaka 1380 kiti cha Norwe kilirithiwa na mfalme wa Denmark. Mwaka 1397 falme tatu za Skandinavia ziliungana rasmi katika muungano wa Kalmar. Uswidi ilijitoa baadaye, lakini Norwe ikabaki. Mwaka 1536 mfalme wa Denmark alitangaza kwamba Norwe ingekuwa sehemu ya Denmark, na mageuzi ya Kilutheri yaliyofuata yakaleta maandiko ya dini katika Kideni, yaani lugha ya Denmark. Biblia kamili ya Kideni ilichapishwa mwaka 1550, nayo ndiyo iliyosomwa katika makanisa ya Norwe. Sheria zilitoka Copenhagen. Chuo kikuu kilikuwa Copenhagen, kwani Norwe haikupata chuo chake hadi mwaka 1811.

Watu wa Bungoma hawana haja ya kuelezwa sana maana ya kutawaliwa kupitia kwa jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliutumia ufalme wa Wanga, chini ya Nabongo Mumia, kuwaweka machifu wa Kiwanga juu ya Wabukusu. Machifu hao walikuwa ndugu wa lugha, si wageni kutoka ng'ambo, lakini uchungu haukupungua kwa sababu hiyo. Kwa Wanorwe vilevile, Mdeni alikuwa ndugu wa ukoo mmoja wa lugha, na ndiyo maana kupotea kwa lugha yao ya maandishi hakukuwa na kelele. Mkulima aliendelea kusema lahaja yake zizini na baharini. Alipohitaji kuandika hati ya shamba, iliandikwa Kideni. Vizazi kumi baadaye, hakuna aliyekumbuka kwamba iliwahi kuandikwa vingine.

Kutoka Eidsvoll hadi kura ya mwaka 1905

Vita vya Napoleon ndivyo vilivyofungua mlango. Denmark ilikuwa upande wa Ufaransa, ikashindwa, na katika mkataba wa Kiel wa Januari 1814 ikalazimika kuikabidhi Norwe kwa mfalme wa Uswidi. Iceland, Greenland na visiwa vya Faroe, ambavyo vilikuwa mali ya zamani ya ufalme wa Norwe, vikabaki mikononi mwa Denmark.

Wanorwe hawakukubali kuhamishwa kama mifugo. Wajumbe 112 walikutana Eidsvoll, wakaandika katiba na kuikamilisha tarehe 17 Mei 1814. Siku hiyo ndiyo sikukuu ya taifa hadi leo. Uswidi ilikuja na majeshi, na baada ya vita vifupi Norwe ikakubali kuwa chini ya mfalme wa Uswidi, lakini ikabaki na katiba yake na bunge lake. Muungano huo ulidumu kwa miaka 91. Mgogoro uliouvunja ulihusu haki ya Norwe kuwa na mabalozi wadogo wake wenyewe katika bandari za ng'ambo, jambo kubwa kwa taifa la mabaharia. Tarehe 7 Juni 1905 bunge la Norwe lilitangaza kwamba muungano umekwisha. Katika kura ya maoni ya Agosti mwaka huo, watu 368,208 waliunga mkono uamuzi huo na 184 tu wakaupinga. Wanawake, ambao hawakupata haki kamili ya kupiga kura ya bunge hadi mwaka 1913, walikusanya saini zao wenyewe kuunga mkono.

Likabaki swali: taifa jipya liwe jamhuri au ufalme? Swali hilo nalo lilipelekwa kwa wananchi mnamo Novemba 1905. Kura 259,563 zilikubali ufalme na 69,264 zilikataa. Mwanamfalme Carl wa Denmark, ambaye alikuwa ametaka wananchi waulizwe kwanza, akaja kutawala kwa jina la kale la Haakon, wa saba wa jina hilo. Hapa ndipo ufalme huu unapotofautiana na falme tulizozizoea, ambamo kiti ni cha ukoo na raia haulizwi. Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo tarehe 9 Aprili 1940, Haakon alikataa kuitambua serikali ya vibaraka, akaendesha upinzani akiwa London hadi ukombozi wa Mei 1945. Mjukuu wake, Harald wa tano, alirithi kiti mwaka 1991.

Utajiri ulichelewa kufika. Mafuta yaligunduliwa katika eneo la Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, mwaka 1969. Mwaka 1990 bunge lilipitisha sheria ya kuunda mfuko wa kuweka akiba ya mapato ya mafuta kwa ajili ya vizazi vijavyo, na fedha za kwanza zikaingizwa mwaka 1996. Sisi ambao tulisikia habari za mafuta ya Turkana mwaka 2012 tuna sababu ya kuitafakari nidhamu hiyo.

Mkulima aliyezikusanya lahaja

Katiba ya mwaka 1814 iliwapa Wanorwe taifa, lakini iliandikwa kwa lugha ya mtawala aliyeondoka. Wasomi wakagawanyika. Wapo walioona Kideni kinatosha: kina Biblia, kina sheria, kina fasihi, kwa nini kiachwe? Mwalimu Knud Knudsen alishauri kwamba Kideni kirekebishwe hatua kwa hatua, kifuate matamshi ya Wanorwe wa mjini. Wa tatu alikuwa Ivar Aasen.

Aasen alizaliwa mwaka 1813 katika familia ya wakulima huko Sunnmøre, magharibi mwa nchi. Hakusoma chuo kikuu. Alijifundisha isimu mwenyewe. Baina ya mwaka 1842 na 1846 alisafiri kutoka bonde hadi bonde, kwa miguu na kwa mashua, akiandika maneno, matamshi na miundo ya sarufi kama alivyoisikia kwa wakulima. Mwaka 1848 alitoa sarufi ya lugha ya watu, na mwaka 1850 kamusi yenye maneno yapatayo 25,000.

Mbinu yake ndiyo inayostahili kuchunguzwa na wanakiswahili. Aasen hakuichukua lahaja moja na kuivika taji. Alizilinganisha lahaja, akatafuta mfumo unaozifunga pamoja chini ya tofauti zao, na pale zilipotofautiana alipendelea umbo lililo karibu zaidi na lugha ya kale. Kutokana na kazi hiyo aliunda lugha ya maandishi ambayo hakuna bonde lililoisema kama ilivyo, lakini kila bonde liliweza kujiona ndani yake.

Kiswahili sanifu kilipita njia tofauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja moja, Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji kwa msingi huo. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji na hazina kubwa ya ushairi, ikaachwa kando pamoja na Kiamu na nyinginezo. Uamuzi huo ulirahisisha uchapishaji na elimu katika eneo pana, na matunda yake tunayala hadi leo. Lakini pia ulifanya kwamba mtoto wa Mombasa au Lamu akiandika kama wazazi wake wanavyosema, husahihishwa kwa wino mwekundu.

Tarehe 12 Mei 1885 bunge la Norwe liliamua kwamba lugha ya Aasen na lugha ya maandishi iliyotokana na Kideni ziwe na hadhi sawa. Tangu mwaka 1929 lugha hizo huitwa Nynorsk na Bokmål. Wilaya za shule zilipewa uhuru wa kuchagua. Kabla ya hapo, mwaka 1878, bunge lilikuwa limeagiza kwamba ufundishaji wa mdomo shuleni ufanyike, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha anayoisema mtoto. Matokeo yake yanashangaza: hadi leo Norwe haina matamshi sanifu yanayolazimishwa na sheria. Waziri husimama bungeni akasema lahaja ya bonde lake, wala hakuna anayemwona hajasoma.

Hii haina maana kwamba safari ilikuwa nyororo. Katika karne ya 20 serikali ilijaribu kuziyeyusha lugha hizo mbili ziwe moja kwa kubadilisha tahajia mara kwa mara. Wazazi wengi walikasirika, na katika miaka ya 1950 waliandamana na kusahihisha vitabu vya watoto wao kwa mikono. Sera hiyo iliachwa rasmi mwaka 2002. Waluhya nao wana kisa kinachofanana. Katika miaka ya 1940, Kamati ya Lugha ya Luyia ilijaribu kuunda maandishi mamoja ya Waluhya wote, yakiegemea zaidi lahaja za kati. Wamaragoli, waliokuwa tayari na maandishi yao kutokana na kazi ya misheni ya Marafiki, hawakukubali kuyaacha, na Wabukusu hawakujiona ndani ya lugha hiyo mpya. Katika visa vyote viwili, umoja ulioamuliwa mezani ulishindwa na watu waliotaka kuulizwa.

Nynorsk yenyewe haijashinda. Katika miaka ya 1940 ilifikia theluthi moja hivi ya wanafunzi wa shule za msingi; siku hizi imeshuka hadi takriban mmoja kati ya wanane au tisa. Wengi huiacha wanapohamia mijini. Hata hivyo, sheria inadai kwamba taasisi za serikali zitumie kila mojawapo ya lugha hizo kwa angalau robo ya maandishi yao. Na mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimwendea Jon Fosse, mwandishi wa tamthilia na riwaya, ambaye huandika kwa Nynorsk. Lugha iliyokusanywa na mtoto wa mkulima ikafika ukumbi mkubwa kuliko yote wa fasihi.

Waliosahauliwa

Mtu anayeisimulia habari hii kama hadithi ya ushindi mtupu atakuwa amewadhulumu Wasami. Hao ni wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, wavuvi na wafugaji wa kulungu wa baridi, wenye lugha zisizo na undugu na Kinorwe. Taifa lilelile lililopigania lahaja za wakulima wake liliwanyima Wasami haki hiyo. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, shule ziliwalazimisha watoto wao kuacha lugha zao, na sheria ya mwaka 1902 ilitaka anayenunua ardhi ya serikali katika jimbo la Finnmark ajue kusema, kusoma na kuandika Kinorwe. Wengi walikua wakiona haya lugha ya mama.

Bunge la Wasami lilifunguliwa mwaka 1989. Mwaka 1997 Mfalme Harald alisimama mbele yake akaomba radhi kwa dhuluma iliyotendwa na dola, na mwaka 2023 tume iliyochunguza sera hiyo iliwasilisha ripoti yake bungeni. Wakenya waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani shuleni hawahitaji kamusi ili kuelewa ripoti ya aina hiyo. Funzo ni chungu: anayepokonywa lugha anaweza, akipata nguvu, kumpokonya mwenzake. Sisi tunaokitetea Kiswahili mbele ya Kiingereza hatuna budi kujiuliza kama tunaitendea Lubukusu, Kisabaoti au Kiteso kile tunacholalamikia.

Samaki wa Kalokol

Hatuna budi sasa kurudi mwisho wa ile barabara ya Kitale. Norwe ilitoa msaada mkubwa kwa uvuvi wa Ziwa Turkana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha minofu ya samaki kilijengwa Kalokol. Kwa taifa la wavuvi, wazo hilo lilikuwa la kawaida kabisa: palipo na samaki, pajengwe kiwanda cha baridi. Lakini kugandisha samaki katika jangwa la Turkana kulihitaji umeme na maji safi kuliko mahali hapo palivyoweza kutoa. Tena ziwa lilipungua, na hori ya Ferguson, iliyokuwa na samaki wengi, ikakauka katika muongo huohuo. Kiwanda hakikudumu. Mnamo Oktoba 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa amepewa hifadhi nchini humo, na misaada ikasimama hadi uhusiano uliporejeshwa miaka kadhaa baadaye.

Tunakitaja kisa hiki si kwa kuwacheka wafadhili. Barabara waliyoigharimia iliwafungulia watu njia ya soko na hospitali. Tunakitaja kwa sababu kinatuonya namna ya kuisoma Norwe yenyewe. Suluhisho lililozaliwa katika fiodi halihamishiki tu na kupandwa mahali pengine. Kama kiwanda cha baridi hakikuota Kalokol, basi hata mfumo wa lugha mbili za maandishi zilizo sawa kisheria hauwezi kuigwa kama ulivyo katika nchi yenye lugha zaidi ya arubaini. Kinachohamishika ni mbinu ya Aasen: kwenda kwanza kwa wasemaji, kusikiliza, kurekodi, kisha ndipo kuamua.

Hitimisho

Tumeona kwamba Norwe ni nchi ambayo milima na bahari viliwagawa watu wake na kuzilinda lahaja zao. Kwamba tauni na muungano na Denmark viliinyang'anya maandishi yake. Kwamba katiba ya mwaka 1814 na kura za mwaka 1905 ziliipa dola, na kazi ya wakusanyaji wa lahaja ikaipa sauti. Tumeona pia kwamba sauti hiyo ilipatikana huku Wasami wakinyamazishwa.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara hiyohiyo inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za wananchi. Sehemu ya kwanza ina watetezi wengi, wakiwemo wasomaji wa jarida hili. Ya pili inahitaji watu wenye daftari na miguu ya kutembea. Kila likizo, mamia ya wanafunzi wa Kiswahili hurejea vijijini mwao katika Bungoma na Trans Nzoia. Huko wamo wazee wanaojua majina ya mitishamba, ya vifaa vya uhunzi, ya sherehe za tohara na ya aina za udongo, majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote ya Kiswahili wala ya Lubukusu. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Aasen alianza kazi yake akiwa na umri wa miaka chini ya thelathini, bila shahada, katika nchi maskini. Daftari la kurasa mia moja halina bei kubwa katika maduka ya Bokoli.